Mwongozo kamili kwa mzazi na mlezi: kumsimamia mtoto anayesoma mtandaoni, hata nyumba ikiwa na simu moja

Mtoto anayesoma shuleni hupewa mambo mengi ambayo wazazi hatuna desturi ya kuyahesabu: kengele inayomwambia kwamba sasa ni saa ya hisabati, dawati, ubao, mwenzake wa pembeni anayemrudia kwa sauti ya chini alichokosa kusikia, na mwalimu anayetambua kwa kumtazama usoni kwamba leo hajaelewa. Masomo yakihamia kwenye simu au kompyuta, mambo hayo yote huwa juu ya nyumba. Ndiyo sababu watoto wawili waliokuwa wakikaa dawati moja na kupata alama zinazokaribiana wanaweza kuachana sana ndani ya muhula mmoja wa kusoma mtandaoni, na wala si kwa sababu mmoja ana akili kumshinda mwenzake.

Uzito wa nyumba na uzito wa shule umekuwa ukijadiliwa na watafiti kwa miongo mingi. Mwaka 1966, ripoti iliyoongozwa na James Coleman nchini Marekani, iliyohusisha wanafunzi zaidi ya 600,000, ilionyesha kwamba hali ya familia ilieleza tofauti za ufaulu zaidi kuliko majengo na vifaa vya shule. Miaka 10 baadaye Stephen Heyneman, akichunguza wanafunzi wa shule za msingi nchini Uganda, alikuta jambo tofauti: huko ubora wa shule ulikuwa na uzito zaidi, na hali ya kiuchumi ya mzazi ilikuwa na uzito mdogo. Mwaka 1983, yeye na William Loxley walionyesha mwelekeo huo katika nchi 29, kwamba kadiri nchi ilivyokuwa maskini, ndivyo shule na mwalimu walivyokuwa na nguvu zaidi juu ya matokeo ya mtoto.

Kwetu matokeo hayo yana maana nzito. Shule za Afrika Mashariki, pamoja na upungufu wake wote wa vitabu na msongamano wa madarasa, ndizo zilizokuwa zikimwinua mtoto wa mkulima hadi ashindane na mtoto wa mhasibu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, Tanzania hadi mwisho wa Juni mwaka huo kwa wanafunzi walio wengi, Kenya hadi Januari 2021 kwa madarasa mengi, na Uganda hadi Januari 2022 kabla ya kufunguliwa kikamilifu, kilichosimama ni ule msaada mkubwa kuliko wote aliokuwa nao mtoto wa nyumba isiyo na kitu. Mwaka huo huo wa 2020, UNICEF na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) walikadiria kwamba theluthi mbili ya watoto na vijana wa miaka 3 hadi 17 duniani hawakuwa na intaneti nyumbani.

Hata hivyo intaneti peke yake haimalizi tatizo, na hapa ndipo wazazi wengi hukosea hesabu wanapodhani kwamba wakishanunua simu janja wamemaliza wajibu wao. Uholanzi ni miongoni mwa nchi ambazo karibu kila nyumba ina intaneti ya kasi. Shule zake zilifungwa wiki 8 mwaka 2020, watoto wakasomea nyumbani, na watafiti walipolinganisha mitihani ya kabla na ya baada walikuta kwamba watoto walirudi nyuma kwa kiasi kinacholingana na sehemu moja ya tano ya mwaka wa masomo. Katika nyumba ambazo wazazi hawakusoma sana, hasara hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa hadi asilimia 60. Vifaa vilikuwapo. Tofauti ilitokana na mambo yanayofanyika kukizunguka kifaa: nani yupo karibu, anauliza nini, na nyumba imejipangaje.

Kwa bahati njema, mambo hayo mengi hayahitaji fedha wala cheti. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi au mlezi yeyote mwenye mtoto anayesoma kwa njia ya mtandao, iwe ni masomo ya likizo yanayotumwa kwenye kundi la WhatsApp, vipindi vya ziada jioni, au kipindi ambacho shule zimefungwa kwa mafuriko, kama Kenya ilivyoahirisha kufungua muhula wa pili hadi katikati ya Mei 2024. Zaidi ya wote, nimemlenga mzazi anayejiona hana la kuchangia kwa sababu yeye mwenyewe aliishia darasa la saba.

Hatua ya kwanza: ijue nyumba yako kabla ya kupanga lolote

Chukua daftari, na kwa wiki moja andika mambo manne kila siku. La kwanza ni simu au kifaa kilikuwa wapi kila saa. Mara nyingi utagundua kwamba simu janja pekee huondoka na baba alfajiri na kurudi saa mbili usiku, ilhali mwalimu anatuma kazi saa tatu asubuhi. La pili ni nani mtu mzima au kijana mkubwa aliyekuwa nyumbani, na kwa muda gani. La tatu ni kazi alizofanya mtoto: kuchota maji, kuuza genge, kumbeba mdogo wake, kupika. La nne ni muda hasa aliosoma, yaani muda aliokuwa na kalamu mkononi, bila kuhesabu muda aliokuwa ameshika simu.

Ukiwa na watoto wa kike na wa kiume, waandikie kurasa tofauti. Katika nyumba nyingi daftari hili hudhihirisha jambo ambalo halisemwi, kwamba binti anaanza kusoma baada ya vyombo kuoshwa na wadogo kulala, wakati kaka yake alikwisha kumaliza na yuko nje anacheza. Shuleni wote wawili walikuwa huru kutoka asubuhi hadi mchana. Nyumbani hawako sawa, na hakuna programu ya kujifunzia itakayoirekebisha tofauti hiyo isipokuwa mzazi mwenyewe aigawe kazi upya. Fanya hivyo wiki hiyo hiyo, kabla hujanunua kifurushi hata kimoja.

Hatua ya pili: igawe simu na kifurushi kwa ratiba iliyoandikwa

Pale simu ilipo moja na watoto ni watatu, anayepata simu ni mwenye nguvu au mwenye kelele. Andika ratiba na uibandike ukutani. Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba simu itumike kupokea na kutuma kazi tu, na kusoma kwenyewe kufanyike kwenye karatasi. Mtoto hahitaji kuishika simu saa mbili ili afanye maswali kumi; anahitaji dakika kumi za kuyanakili maswali hayo kwenye daftari, saa nzima ya kuyafanya akiwa mbali na simu, na dakika tano za kupiga picha majibu na kuyatuma. Kwa utaratibu huu simu inayorudi saa moja jioni inaweza kuwatosha watoto watatu kabla ya saa tatu usiku, na kazi waliyonakili jana usiku wakaifanya leo mchana simu ikiwa kazini na baba.

Kifurushi nacho kina nidhamu yake. Video ndiyo inayokula data kuliko kitu kingine chochote. Sauti hula kidogo, maandishi hula kidogo zaidi. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe, kwa sababu katika nyumba nyingi kifurushi cha mtoto humalizwa na video za vichekesho zinazotumwa kwenye makundi ya ukoo na ya harusi. Mtoto anapotazama somo la video, shusha ubora wa picha hadi kiwango cha chini ambacho maandishi ya ubaoni bado yanasomeka. Ikiwa kampuni yako ya simu inauza vifurushi vya usiku kwa bei nafuu, pakua masomo ya wiki nzima usiku mmoja, kisha mtoto ayatazame baadaye bila mtandao.

Kabla hujamkabidhi simu, hakikisha kwamba hajui namba yako ya siri ya huduma za fedha. Simu nyingi za Android zina uwezo wa kubandika programu moja kwenye skrini ili anayeitumia asiweze kutoka humo bila neno la siri. Utafute kwenye mipangilio ya usalama, na kama huupati, mwombe kijana wa duka la simu akuonyeshe. Ni kazi ya dakika chache.

Hatua ya tatu: weka mahali pamoja na saa moja

Hili ni fupi, lakini wengi hulidharau. Si lazima uwe na chumba cha kusomea. Mkeka kwenye kona moja, ndoo iliyogeuzwa kuwa kiti, taa ya sola, na makubaliano kwamba kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili na nusu jioni televisheni imezimwa na mgeni anapokelewa barazani, yanatosha. Kinachotafutwa ni mtoto asilazimike kuamua upya kila siku kama leo atasoma, wapi, na saa ngapi. Katika chumba kimoja cha kupanga ambamo watu sita wanaishi, utulivu kamili haupatikani. Badala yake tafuta saa ambayo nyumba ina watu wachache, hata ikiwa ni alfajiri.

Hatua ya nne: shiriki bila kuwa mwalimu

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Wazazi wengi wanaposikia maneno "ushiriki wa mzazi" huelewa kumfundisha mtoto kazi ya nyumbani. Mzazi aliyesoma hujitwika kazi ya mwalimu, na asiyesoma hujitoa kabisa akisema hayo mambo ya kisasa hayajui. Utafiti haumwungi mkono hata mmoja wao. Mwaka 2009, Nancy Hill na Diana Tyson waliunganisha matokeo ya tafiti nyingi zilizofanywa juu ya wanafunzi wa umri wa kubalehe, wakitafuta ni aina gani ya ushiriki wa mzazi inayoambatana na ufaulu. Iliyoongoza ilikuwa mzazi kuzungumza na mtoto kuhusu thamani ya elimu, kumweleza matarajio yake, kuyaunganisha masomo na maisha anayoyatamani, na kupanga naye njia ya mbele. Msaada wa moja kwa moja kwenye kazi za nyumbani haukuonyesha faida ya namna hiyo. Katika tafiti kadhaa uliambatana na ufaulu wa chini, labda kwa sababu wazazi huingilia pale mtoto anapokuwa amekwisha kukwama, na labda kwa sababu huingilia kwa kumfanyia.

Mwalimu yeyote aliyepokea kazi kwenye WhatsApp anaijua hali hiyo ya kufanyiwa: picha ya zoezi la mtoto wa darasa la tatu, majibu yote sahihi, mwandiko wa mtu mzima. Mzazi huyo amemnyima mwanawe kitu kikubwa, kwa kuwa mwalimu ataamini mada imeeleweka na kusonga mbele.

Ukweli ni kwamba mzazi asiyejua somo ana nafasi ambayo mwalimu hana: anaweza kuwa mwanafunzi wa mtoto wake. Mtoto akimaliza kipindi, mwite, ukae naye, umwambie: "Haya, nifundishe ulichojifunza leo. Mimi hili sikulisoma, kwa hiyo nieleze polepole." Mwache aeleze. Akisema maneno magumu, mwulize maana yake. Akiruka hatua, mwambie hapo hujaelewa. Kisha mwulize: "Umejuaje kwamba jibu hili ni sahihi?" na mwisho: "Mahali gani palikushinda?" Maswali hayo matatu humlazimisha mtoto kupanga mawazo yake kwa maneno yake mwenyewe. Mtoto aliyenakili kutoka kwenye skrini bila kuelewa hujulikana hapo hapo, hata na mzazi ambaye hajui kusoma, kwa sababu maelezo yake hukatika.

Kuna ushahidi kutoka Afrika unaonipa matumaini makubwa. Mwaka 2020, shule za Botswana zilipofungwa, watafiti wakiongozwa na Noam Angrist walizifikia familia zaidi ya 4,000 kwa simu za kawaida. Kundi moja lilitumiwa ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu kila wiki. Kundi jingine lilipata ujumbe huo pamoja na simu ya kila wiki ya takriban dakika 20, ambapo aliyepiga alimwomba mzazi amwite mtoto na kuweka sauti ya nje ili wote wawili wasikie wakati swali linafanyiwa kazi. Ujumbe peke yake haukuleta tofauti ya maana. Simu iliyomweka mzazi na mtoto pamoja ililetea watoto maendeleo yaliyopimika katika hesabu, na mpango wa namna hiyo uliporudiwa katika nchi nyingine, zikiwamo Kenya na Uganda, uliwasaidia watoto tena. Zingatieni kwamba hapo hapakuwa na video, wala intaneti, wala simu janja. Kilichokuwapo ni sauti ya mtu anayefuatilia, kazi ndogo inayolingana na uwezo wa mtoto, na mzazi aliyeketi hapo.

Kiasi cha kuketi hutegemea umri. Mtoto wa awali hadi darasa la pili hawezi kujifunza peke yake mbele ya skrini. Kaa pembeni yake, dakika kumi na tano hadi ishirini kwa kikao, kidole kikifuata herufi, na skrini ikizimwa mara kwa mara ili aandike kwa mkono au ahesabu mawe na maharage. Wa darasa la tatu hadi la saba anahitaji uwe karibu, ukiendelea na kazi zako, halafu umwite akueleze. Kijana wa sekondari hatakubali umkalie begani, na si vema kumkalia. Yeye zungumza naye kuhusu anakotaka kufika, masomo gani yanahitajika huko, na wiki hii imekwendaje.

Neno moja zaidi katika hatua hii. Mtoto akishindwa kueleza, usimpige na usimtukane, wala usimlinganishe na mtoto wa jirani. Akiogopa, kesho atakwambia ameelewa kila kitu, na tangu siku hiyo huna tena njia ya kujua hali yake.

Hatua ya tano: mtafute msimamizi pale ambapo mzazi hayupo

Mama anayeuza samaki Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, huondoka nyumbani usiku wa manane. Baba dereva wa lori yuko Tunduma au Malaba siku nne kwa wiki. Kuwaambia wazazi hawa wakae na mtoto saa kumi na moja jioni ni kuwaonea. Katika familia zetu, hata hivyo, malezi hayajawahi kuwa kazi ya watu wawili tu. Chagua mtu mmoja, kwa jina, na umkabidhi mtoto mbele ya mtoto mwenyewe: kaka wa kidato cha nne, shangazi, bibi, dada wa kazi, mke wa mwenye nyumba. Bibi asiyejua kusoma anaweza kuuliza yale maswali matatu vizuri kabisa, na mara nyingi ana subira ambayo mzazi aliyechoka hana.

Ukimchagua kaka au dada mkubwa, angalia asibebeshwe mzigo wa kuwafundisha wadogo hadi masomo yake yakaharibika. Nusu saa kwa siku inatosha. Wewe mzazi uliye mbali piga simu jioni, hata dakika tano, na usiulize tu "umesoma?" kwa sababu jibu lake ni "ndiyo" siku zote. Uliza: "Leo ulisoma nini? Nisomee swali moja ulilolifanya."

Hatua ya sita: zungumza na mwalimu mapema, na kwa uwazi

Mwalimu mwenye wanafunzi 70 kwenye kundi la WhatsApp hajui kwamba nyumba yako ina simu moja. Akiona kazi haijaja, hudhani mtoto ni mvivu au mzazi hajali. Mwandikie binafsi, si kwenye kundi, kwa ujumbe ulio kamili na mfupi, kwa mfano: "Habari za kazi, Mwalimu. Mimi ni mama yake Neema wa darasa la sita. Nyumbani tuna simu moja, nami hurudi nayo saa moja jioni, kwa hiyo Neema atakuwa akituma kazi kabla ya saa tatu usiku. Wiki hii amekwama kwenye kugawanya sehemu. Nimekutumia picha ya daftari lake. Naomba unielekeze aanze na zoezi lipi."

Tazama kilichomo: hali ya nyumba, muda unaowezekana, tatizo mahususi lenye ushahidi, na ombi ambalo mwalimu anaweza kulijibu kwa mstari mmoja. Ujumbe wa "Mwalimu, mtoto haelewi" haumsaidii mwalimu wala mtoto. Kama huwezi kuandika, tuma ujumbe wa sauti. Hakuna aibu yoyote katika hilo. Na kama shule inapanga vipindi vya moja kwa moja saa ambazo wazazi wengi wako kazini na simu zao, ombeni kama wazazi, kupitia kamati ya shule, vipindi hivyo virekodiwe au maelezo yatumwe kwa maandishi.

Hatua ya saba: jiandae kwa kizingiti cha lugha

Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Siku hiyo mzazi aliyekuwa akimfuatilia vizuri hadi darasa la saba hujikuta nje ya mlango, na mtandaoni kizingiti kinazidi kuwa kirefu kwa kuwa hakuna mwalimu wa kuchanganya lugha kidogo ili darasa lielewe. Kenya kizingiti huja mapema zaidi, baada ya madarasa matatu ya mwanzo.

Njia iliyo wazi ni kumtaka mtoto asome kwa Kiingereza na akueleze kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani. Mtoto anayeweza kueleza usanisinuru kwa Kisukuma ameuelewa usanisinuru. Awe pia na daftari dogo la maneno: neno jipya la Kiingereza upande mmoja, maana yake kwa Kiswahili upande wa pili, na mfano wake chini. Mzazi anaweza kumhoji daftari hilo bila kujua Kiingereza hata kidogo, kwa kusoma upande wa Kiswahili na kumsikiliza anavyojibu.

Hatua ya nane: chagua vyanzo vichache vilivyo salama

Anza na vya umma, kwa sababu vinafuata mtaala. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, ina hifadhi yake ya masomo mtandaoni pamoja na vipindi vya redio na televisheni. Kwa wanafunzi wa sekondari Tanzania, Shule Direct ina maelezo ya masomo na maswali ya mazoezi. Kwa wadogo, Ubongo ya Dar es Salaam hutengeneza katuni za kufundisha hesabu na kusoma kwa Kiswahili, na kwa kuwa huoneshwa pia kwenye televisheni na redio, familia isiyo na kifurushi haikosi. Kama shule, msikiti, kanisa au maktaba ya mtaa wenu ina kompyuta, ulizeni kuhusu Kolibri, programu ya bure inayohifadhi masomo ndani ya kompyuta moja na kuyagawa kwa vifaa vya jirani bila intaneti. Vyanzo viwili vikifuatwa muhula mzima vinamfaa mtoto kuliko kumi vinavyoonjwa.

Kuhusu usalama, mweleze mtoto kwa lugha ya kawaida kwamba mtu yeyote akimwomba picha, namba ya simu, au atunze siri ambayo wazazi wasiijue, akwambie mara moja, na umwahidi kwamba hutamnyang'anya simu kwa kukwambia. Ahadi hiyo itimize, maana watoto wengi hunyamaza kwa kuogopa kunyang'anywa simu. Pakitokea jambo zito, Kenya, Tanzania na Uganda zote zina huduma ya simu kwa mtoto kwa namba 116, na haitozwi.

Hatua ya tisa: pima kwa karatasi kila baada ya wiki nne

Alama za kijani ndani ya programu, na vyeti vinavyotolewa na tovuti, vinaonyesha kwamba mtoto amebonyeza. Havionyeshi kila mara kwamba ameelewa. Chukua mtihani wa zamani au zoezi la mwisho wa sura, mkalishe bila simu, kwa muda uliopangwa, kisha umpelekee mwalimu au ndugu anayejua somo asahihishe. Weka matokeo kwenye lile daftari la hatua ya kwanza, pamoja na tarehe.

Ukiona baada ya miezi miwili mtoto hapandi, usimwongezee saa za skrini. Rudi nyuma na uangalie mambo kwa mpangilio huu: je, anapewa kazi za kiwango chake, au anafundishwa kugawanya wakati kujumlisha kunamshinda? Je, anasikia na kuona vizuri? Wako watoto ambao hugundulika kuwa na matatizo ya macho pale tu wanapoanza kusoma kwenye skrini ndogo. Je, analala saa za kutosha? Je, msimamizi uliyemchagua anakaa naye kweli? Baada ya hapo nenda shuleni mwenyewe ukiwa na daftari hilo mkononi, umwonyeshe mwalimu kurasa za saa, za kazi za nyumbani na za alama, kisha mchague pamoja mada moja au mbili za kuanzia upya.